Karume, utawala wa (Zanzibar, 1964–1972)

Ni miaka minane na ushei ambayo Sheikh Abeid Amani Karume aliiongoza Zanzibar, akiwa Rais na Mwenyekiti wa Baraza la Mapinduzi, tangu Mapinduzi ya Januari 12, 1964 mpaka alipouawa Aprili 7, 1972. Katika muda huo ardhi yote ya Unguja na Pemba ilitwaliwa na serikali, mashamba yakagawiwa wasio na kitu, karo ikafutwa shuleni, matibabu yakawa bure, na majumba ya ghorofa yakaanza kuinuka Ng'ambo, mtaa wa mji wa Zanzibar, palipokuwa na vibanda vya udongo. Katika muda huohuo vyama vya siasa vilipigwa marufuku, uchaguzi ukafutwa, mawakili wakaondolewa mahakamani, na watu wakachukuliwa usiku wasirudi tena, wakiwamo baadhi ya waliokuwa viongozi wa Mapinduzi yenyewe.

Wasimuliaji wengi huchagua nusu moja ya habari hii. Ukiuliza Kisiwandui, kwenye makao makuu ya chama chake, utapewa ya kwanza. Ukiuliza Wete, huko Pemba, au Muscat walikokimbilia wengi, utapewa ya pili. Zote mbili ni kweli, na zilikwenda pamoja. Utawala wa Karume uliigeuza haki kuwa hisani: Mzanzibari alipewa shamba, shule na nyumba na dola, na dola hiyohiyo ikabaki na uwezo wa kumnyang'anya, naye asiwe na pa kushtaki.

Chimbuko

Mikarafuu iliyotapakaa visiwani katika karne ya 19, zama za Seyyid Said na wanawe, ilipandwa na kupaliliwa na watumwa. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria mwaka 1897 chini ya Himaya ya Uingereza, mashamba makubwa yalibaki kwa wenyewe, wengi wao Waarabu wenye asili ya Oman, na waliokuwa watumwa pamoja na wageni kutoka bara wakawa wakaazi wa mashamba hayo. Mkaazi aliruhusiwa kujenga kibanda na kulima mihogo katikati ya mikarafuu, kwa sharti la kuyaweka safi mashamba na kuchuma wakati wa msimu. Ardhi haikuwa yake. Siasa za vyama zilipoanza mwaka 1957, ruhusa hiyo ikawa silaha: aliyeonekana kukipigia kura chama cha Afro-Shirazi (ASP) aliweza kuambiwa afungashe na kuiacha mihogo yake shambani.

ASP ilizaliwa Februari 5, 1957 kwa muungano wa Jumuiya ya Waafrika na Jumuiya ya Washirazi. Mwenyekiti wake, Karume, alikuwa baharia wa zamani aliyezunguka bandari za dunia kabla ya kurudi nyumbani na kuongoza ushirika wa mashua zilizopeleka abiria melini. Hakuwa mtu wa vitabu. Alikuwa na sauti ya pwani, mizaha, na kipaji cha kumfanya mchukuzi wa gatini aamini kwamba anazungumziwa yeye. Mahasimu wake, chama cha Zanzibar Nationalist Party ambacho watu walikiita Hizbu, waliongozwa na Sheikh Ali Muhsin Barwani, msomi wa Makerere. Hizbu iliungana na ZPPP, chama kilichojitenga na ASP mwaka 1959 na kupata nguvu Pemba. Uchaguzi wa Juni 1961 uliishia kwenye fujo zilizoua watu 68. Ule wa Julai 1963 ulitia msumari wa mwisho: ASP ilipata karibu asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, kwa jinsi majimbo yalivyokatwa. Uhuru ukakabidhiwa Desemba 10, 1963 kwa serikali ya Hizbu na ZPPP chini ya Mohammed Shamte, Sultani Jamshid bin Abdullah akiwa mkuu wa dola.

Serikali hiyo ilidumu mwezi mmoja. Usiku wa kuamkia Januari 12 watu wenye mapanga, marungu na pinde walivamia bohari za silaha za polisi huko Ziwani na Mtoni, wakiwamo askari waliokuwa wameachishwa kazi kwa sababu ya asili yao ya bara. Sauti iliyosikika redioni ilikuwa ya John Okello, Mganda aliyejiita Fildi Masho. Sultani alikimbilia baharini. Siku zilizofuata ziliona mauaji ya Waarabu, na ya Wahindi pia, hasa katika mashamba ya Unguja. Makadirio ya waliokufa hutofautiana sana, kuanzia maelfu machache hadi zaidi ya 10,000, na wengine kwa maelfu waliondoka kwa majahazi na meli kwenda Uarabuni. 

Okello alizuiwa kurudi visiwani mwezi Machi. Aprili 26, 1964 Zanzibar iliungana na Tanganyika, na Karume akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Ndani ya visiwa, hata hivyo, aliendelea kutawala karibu kama vile Muungano haukuwepo.

Katiba iliyoahidiwa

Miongoni mwa sheria za mwanzo za Mapinduzi ilikuwa dikrii ya mwaka 1964 juu ya serikali ya kikatiba na utawala wa sheria. Iliahidi kwamba katika muda wa mwaka mmoja litaitishwa baraza la kutunga katiba. Mwaka ulipokwisha, dikrii nyingine iliiahirisha ahadi hiyo bila kutaja siku. Katiba ya kwanza baada ya Mapinduzi ilikuja 1979, Karume akiwa ameshalala kaburini miaka saba. Ahirisho hilo halina umaarufu katika masimulizi, kwa kuwa hakuna damu iliyomwagika siku lilipotiwa saini, lakini mengi yaliyofuata yalipita katika ufa huo.

Pasipo katiba, Baraza la Mapinduzi, lililoanza na wajumbe wapatao 30, lilitunga sheria na kuzitekeleza. ASP ikawa chama pekee. Hizbu na ZPPP vilipigwa marufuku, na Umma Party, chama cha makomredi wa Abdulrahman Mohamed Babu, kikajivunja na kuingia ndani ya ASP. Karume alitamka waziwazi kwamba visiwa havitafanya uchaguzi kwa nusu karne. Hoja yake ilikuwa kwamba uchaguzi ndio uliowagombanisha Wazanzibari na kwamba kura zilikuwa chombo cha wakoloni kuwapa mabwana ushindi. Mtu aliyeikumbuka Julai 1963 aliweza kuielewa hoja hiyo. Lakini dawa ya kura zilizopinda ni kuzinyoosha; yeye alizifuta.

Eka tatu

Hakuna jambo la utawala huu linalokumbukwa kwa mapenzi kama mgao wa mashamba. Machi 8, 1964 serikali ilitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya taifa. Amri ya mwaka huohuo iliruhusu kutaifisha majumba na mashamba, mara nyingi bila fidia, na kuanzia 1965 familia zisizo na ardhi zikaanza kupewa eka tatu kila moja, mikarafuu na minazi ikiwa imesimama humo. Zaidi ya familia 20,000 zilinufaika, katika nchi iliyokuwa na watu wapatao 300,000 kwa hesabu ya mwaka 1958. Mtu ambaye babu yake aliletwa kisiwani kwa pingu alisimama mbele ya mikarafuu iliyopandwa na mikono ya babu huyo, akaambiwa ni yake.

Hiyo ilikuwa haki, na yeyote anayeandika juu ya Mapinduzi bila kuipa uzito wake hajawatazama waliokuwa wakifukuzwa mashambani miaka mitano kabla.

Maneno ya dikrii ya mgao ya mwaka 1966 yalisema jambo jingine. Mpewaji hakuwa mwenye ardhi. Alipata idhini ya kuitumia maisha yake, hakuruhusiwa kuiuza wala kuigawa, serikali iliweza kuichukua ikiona haitunzwi ipasavyo, na alipokufa ilirudi serikalini. Watoto wake walipaswa kuombewa upya. Mkaazi wa zamani alimtegemea mwenye shamba ili abaki shambani. Mwenye eka tatu aliitegemea dola, na dola ilikuwa na macho mengi zaidi kuliko bwana yeyote wa zamani.

Isitoshe, aliyepewa mikarafuu hakupewa bei. Karafuu yote iliuzwa kwa shirika la serikali, kwa bei iliyopangwa na serikali, na mkulima alipata sehemu ndogo tu ya ile ya soko la dunia. Kuivusha kwa magendo kwenda Mombasa kulifanywa kosa la kufa. Fedha za kigeni zilirundikana benki ng'ambo ya bahari huku mchumaji akihesabu senti kwa pishi. Mashamba yalianza kuchoka: mikarafuu mizee haikupandwa upya kwa kiasi cha kutosha, na mtu asiyejua kama shamba litabaki kwa wanawe hakuwa na sababu kubwa ya kuotesha mche utakaozaa baada ya miaka mingi.

Shule, hospitali, majumba

Septemba 23, 1964 elimu ilitangazwa kuwa bila malipo, na siku hiyo bado huadhimishwa kila mwaka. Shule zilizokuwa za jumuiya na za misheni zilitaifishwa na kufunguliwa kwa watoto wote. King George VI ikawa Lumumba, na ya watawa wa Mtakatifu Yosefu ikaitwa Tumekuja, jina linalosema kila kitu kuhusu nani aliingia na kwa moyo gani. Walimu wengi wenye ujuzi walikuwa wamekimbia au kufukuzwa, kwa hiyo madarasa yalijaa kuliko yalivyofundishika. Hata hivyo kizazi kizima cha watoto wa mashamba kilijua kusoma, jambo ambalo wazazi wao hawakuliota.

Hospitali ya Mnazi Mmoja ilipewa jina la Lenin na matibabu yakawa bure. Wazee wasio na jamaa walijengewa makao Sebleni, kazi ambayo hata mahasimu wa Karume huitaja kwa heshima. Kwa upande wa pili, kampeni ya kutokomeza malaria, iliyokuwa imeushusha ugonjwa huo mpaka karibu kusahaulika, ilisitishwa mwaka 1968, kwa sehemu kwa sababu Rais aliamini Mwafrika ana kinga yake ya asili. Miaka michache baadaye malaria ilirudi, na waliozikwa zaidi walikuwa watoto.

Majumba ndiyo alama inayoonekana kwa macho. Ujerumani Mashariki, ambayo Zanzibar iliitambua mapema mwaka 1964 kabla ya dola nyingine yoyote ya Afrika, ilileta wahandisi na saruji, ikajenga kwanza Kikwajuni na Kilimani. Kisha Karume akaanza Michenzani: majumba marefu yanayokaribia mita 300 kila moja, yaliyopangwa kwa umbo la msalaba katikati ya Ng'ambo. Mengine yalijengwa Bambi, Makunduchi na miji ya Pemba. Aliyehamishwa kutoka kibanda cha makuti alipewa fleti yenye maji na umeme bila kodi. Kazi ya ujenzi iliitwa ya kujitolea, ingawa kutokwenda kulikuwa na gharama yake. Michenzani ilikamilika baada ya kifo chake.

Usiku wa hofu

Sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi ilipitishwa mwaka wa kwanza wa Mapinduzi. Idara ya usalama ilifundwa na maofisa wa Ujerumani Mashariki, na jina la nyumba moja ya mateso, kwa Bamkwe, likawa neno la kumnyamazisha mtu barazani. Gereza la Kiinua Miguu lilijaa. Mabalozi wa chama waliandika nani kalala wapi, na kutoka kisiwani, hata kwenda Dar es Salaam, kulihitaji kibali. Vijana wa Umoja wa Vijana wa ASP walisimamisha watu njiani kukagua nywele, suruali za kubana na sketi fupi. Pemba, kisiwa ambacho watu wake wengi walikuwa wamevipigia kura vyama vya Hizbu na ZPPP, kilitawaliwa na wakuu waliochapa watu bakora hadharani. Pemba haijasahau.

Mahakama zilifuata. Dikrii ya mwaka 1969 ilianzisha Mahakama za Wananchi, ambamo waliohukumu walikuwa watu wasio na taaluma ya sheria walioteuliwa na watawala, na wakili hakuruhusiwa kumsimamia mshtakiwa. Rufaa za mwisho ziliishia kwenye vyombo vya Baraza la Mapinduzi. Mshtakiwa alijitetea mwenyewe mbele ya wale waliokwisha kuamua.

Waliomezwa na mfumo huo hawakuwa maadui wa zamani peke yao. Abdallah Kassim Hanga, aliyekuwa makamu wa Karume katika wiki za mwanzo, kabla ya Muungano. Othman Shariff, mwalimu na balozi wa zamani Washington. Abdul-Aziz Twala, waziri wa fedha. Saleh Saadalla, waziri mwingine: wote walipotea mikononi mwa serikali waliyosaidia kuiunda. Hanga na Shariff walikuwa Bara, wakakabidhiwa Zanzibar na Serikali ya Muungano mwaka 1969. Mwalimu Nyerere, Rais wa Muungano, alijua sifa ya magereza ya visiwani. Kukabidhi kule ni doa katika uongozi wake, na heshima aliyostahili kwa mambo mengine hailifuti. Binti wa Hanga, Yelena Khanga, alikulia Moscow na kuwa mwandishi wa habari mashuhuri nchini Urusi. Alikwenda Zanzibar kumtafuta baba aliyemjua kwa jina tu.

Nyumba na damu

Mapinduzi yalivunja jumuiya za kikabila na kutangaza kwamba wote ni Wazanzibari. Matendo yalikwenda kinyume. Nafasi za sekondari ziligawiwa kwa uwiano wa asili za watu. Wangazija waliambiwa mwaka 1968 kwamba si raia, na waliokuwa serikalini wakafukuzwa, ingawa wengi walizaliwa Unguja na baba zao pia.

Mwaka 1970 utawala uliingia hadi chumbani. Sheria ya ndoa ilirekebishwa ili msichana asiweze kukataa mposaji bila sababu ambayo wakubwa wataikubali, na mwezi Septemba wasichana wanne wa familia za asili ya Uajemi waliozeshwa kwa nguvu kwa wajumbe wa Baraza la Mapinduzi na wenzao. Jamaa waliopinga walikamatwa. Karume alieleza kwamba zamani Waarabu waliwachukua masuria wa Kiafrika, na sasa ni zamu nyingine. Dunia ilipiga kelele. Dhuluma waliyotendewa mabibi wa karne iliyopita haikulipwa hata chembe na kilio cha wasichana wale, ambao hawakuwahi kumiliki mtumwa.

Foleni

Mwaka 1971, kwa jina la kujitegemea, serikali ilizuia kuingiza mchele, unga wa ngano na sukari, ikiwataka watu wale walichopanda. Visiwa vilivyozoea wali kwa vizazi vingi vikageukia muhogo na ndizi, na ndizi nazo hazikutosha. Foleni zilianza alfajiri kwenye maduka ya serikali. Pemba, kisiwa kilichotoa sehemu kubwa ya karafuu na hivyo sehemu kubwa ya fedha za nchi, ndiko njaa ilikouma zaidi. Akiba ya fedha za kununulia chakula ilikuwepo; aliyeamua isitumike alikuwa mtu mmoja, na hapakuwa na bunge la kumuuliza, gazeti la kuandika, wala kura ya kumwondoa.

Kifo na kesi

Jioni ya Aprili 7, 1972 Karume alikuwa akicheza bao na wenziwe katika makao makuu ya ASP, Kisiwandui, kama kawaida yake. Kundi la watu wenye silaha liliingia na kumpiga risasi. Sheikh Thabit Kombo, katibu mkuu wa chama, alijeruhiwa. Luteni Humud Mohammed Humud, aliyefyatua risasi, aliuawa palepale. Inasimuliwa sana kwamba baba yake alifia mikononi mwa utawala huo. Watuhumiwa 81 walishtakiwa kwa uhaini, wengine wakiwa kizuizini Bara. Hawakuwa na wakili: Mwanasheria Mkuu, Wolfango Dourado, aliendesha mashtaka na ndiye aliyetakiwa kusema pia kwa niaba ya utetezi. Babu, aliyeshikwa Bara, alihukumiwa kifo bila kuwapo mahakamani. Nyerere alikataa kumpeleka visiwani, akamwachia mwaka 1978.

Baada yake

Aboud Jumbe, aliyemrithi, alilegeza kamba: chakula kikaruhusiwa kuingia, na Februari 5, 1977 ASP na TANU, chama tawala cha Bara, zikaungana kuwa Chama Cha Mapinduzi. Wazanzibari walipiga kura tena kuchagua viongozi wa visiwa mwaka 1980, miaka 17 baada ya mara ya mwisho. Katiba ya 1984 iliandika haki za raia kwa mara ya kwanza tangu Mapinduzi, na mawakili wakarudi mahakamani. Mtoto wa Karume, Amani, alikuwa Rais kuanzia 2000 hadi 2010. Januari 2001, miezi michache tangu ashike madaraka, waandamanaji wa upinzani waliuawa kwa risasi Pemba na Unguja. Ni yeye huyohuyo aliyekubaliana na kiongozi wa upinzani, Seif Sharif Hamad, mwaka 2009, na kura ya maoni ya Julai 2010 ikaridhia serikali ya umoja wa kitaifa.

Eka tatu nyingi zimekwisha kuuzwa kinyume cha dikrii ya 1966 au kujengwa nyumba, na vyombo vya migogoro ya ardhi vinaendelea kusuluhisha magomvi ya warithi ambao kwa dikrii hiyo hawakupaswa kuwapo. Aprili 7 ni siku ya mapumziko nchini Tanzania, na Januari 12 huadhimishwa kwa gwaride. Haijawahi kuundwa tume ya serikali ya kuchunguza mauaji ya Januari 1964, wala waliopotea kati ya mwaka huo na 1972.